Kumuaga Mzee Laurenti, Mshika Waya

Mheshimiwa Jumbe, Baba Padri, Bi Ghanima mama yetu, shikamooni. Bwana Saud, mwenye karakana na mwenye pilau inayonukia hapo nyuma. Mama Beatrisi, mke wa mzee. Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliokuwa mnapita njia mkaona viti: hamjambo.

Mimi ni Uweso, mzungusha hendeli. Nimepewa kazi ya kumuaga Mzee Laurenti, anayestaafu leo na kurudi kwao Amani, kwa sababu wenye elimu wote wamesema wana mafua.

Wengine hamjui kazi yetu. Mota ya shamba la mkonge ikiungua, sisi tunaisuka upya. Mimi nazungusha hendeli, waya wa shaba unajiviringisha kwenye kibao, na mzee anaubana kwa vipande viwili vya ngozi. Kazi yote iko kwenye kubana kule. Ukibana mno, waya unakonda, vanishi inapasuka, na mota inaungua mteja hajafika hata Pangani. Ukilegeza, koili inaota kitambi, haiingii mahali pake. Waya mnene unataka mkono mkali, mwembamba unataka kubembelezwa. Sasa nani anaupima mkono wa mzee? Mnadhani ni yeye? Ni mimi, kwa mdomo.

Maana nilimsoma mapema. Ukija waya mwembamba, namuuliza habari za ndizi anazopika Mama Beatrisi, na mkono unalainika kama wa mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ukija waya mnene, namuuliza tu kama shemeji yake Tadeo hajambo. Hapo ngozi inalia. Kuna pampu mashambani huko zinavuta maji mpaka leo kwa nguvu ya jina la Tadeo.

Siku moja tunasuka feni ya Bi Ghanima, waya kama unywele, tumeshafika kwenye ndizi, akasimama mlangoni mtu wa Amani kutuarifu kwamba Tadeo ameezeka bati. Waya ukakatika pale pale. Bi Ghanima, ndiyo ile wiki uliyojipepea kwa kipepeo cha ukili.

Sasa Bwana Saud ameleta mashine ya springi, imevuka mpaka pale Horohoro juzi. Inabana waya yenyewe. Nimeikagua vizuri: haina mke, haina shemeji. Kwa hiyo, mzee wangu, ule ugomvi wako na Tadeo hauna kazi tena hapa karakana. Na kule unakokwenda, nyumba yako na ya Tadeo zinatumia kijito kimoja. Utapita na ndoo umegeuza shingo mpaka lini?

Wageni, kisa ni hiki. Mama mzazi wa Beatrisi na Tadeo alipofariki, mzee alitoka hapa na msalaba aliouchonga mwenyewe. Basi likakwama kwenye matope baada ya Muheza. Akafika jioni, akakuta kaburi limeshafukiwa. Mkwe aliyependwa na yule mama kama mwana hakutupa hata gao la udongo kaburini. Tangu siku hiyo yeye na Tadeo hawasemezani. Hapa sitaki mtu acheke.

Lakini Tadeo amekuja. Yule pale, mwisho wa benchi, mwenye koti la kuazima. Jana nilimuuliza kwa nini hakungoja. Akaniambia: "Mvua ilikuwa inajaza kaburi. Ningemngoja, ningemlaza mama ndani ya maji." Nikamuuliza mbona hakumwambia mwenyewe. Akasema mzee alisimika msalaba akaondoka gizani bila kusikiliza mtu, na yeye kumfuata akaona haya. Basi, wazee wawili hao.

Desturi ya karakana yetu, anayestaafu anasuka koili ya mwisho mbele za watu. Waya uko mezani, nimechagua ule mwembamba kuliko yote. Kwa bahati mbaya bega langu linauma tangu asubuhi, kwa hiyo hendeli atazungusha Bwana Tadeo. Njoo, bwana. Mpisheni. Na mimi, jambo ambalo hamjawahi kuliona, nanyamaza.

Waliokaa mbali mmesikia? Mzee amesema, "Polepole, shemeji, huu unakatika."

Mama Beatrisi, sogeza kiti kingine pembeni ya cha mzee. Ahsanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Makofi yangojee kidogo; waya bado uko mkononi.