Msomaji wa Barua za Kijiji

Tangu gari litoke Malaba, Everline alishika simu iliyozima, masikio yote yakiwa kiti cha mbele. Mama mmoja alikuwa akimwambia mzee asiyemjua kwamba anaenda Angurai kuzika baba mkwe, na kwamba yeye ndiye atakayesoma wasifu wa marehemu.

"Kumbe umesoma, mama," mzee akamsifu.

"Juzi tu, kwa ngumbaru, darasa la watu wazima. Nikaanza na barua ya kaka yangu wa Tororo, imekaa ndani ya Biblia miaka thelathini. Imeandikwa juu yangu, mleteni Akurut, nimempatia shule. Sisi tulisomewa, muozeni Akurut, mimi sina kitu."

"Nani aliwasomea?"

"Huyu tunaenda kuzika. Kijana wake alikuwa anatafuta bibi."

Mzee akakohoa. "Lakini marehemu hasemwi vibaya. Soma vile wameandika."

"Wameandika alisomea kijiji kizima barua bila kuchoka."

"Basi utasoma hivyo?"

Gari likasimama Angurai. Everline, aliyepita kituo chake kitambo, akamwona Akurut akikunja karatasi ya wasifu polepole.

"Wengi pale hawajui kusoma, mzee," alisema akishuka. "Watasikia kile nitawasomea."