Bwana Hezekiah Mbithi na Baridi ya Bondeni, 1975–2009

Ijumaa, tarehe 31 Julai 2009, Bwana Hezekiah Mbithi atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne katika Kitengo cha Ulinganisho hapa Hurlingham, Nairobi. Kwa wageni wasioijua kazi yetu: kompyuta hutabiri baridi ya kesho katika nyanda za juu, na wasomaji wetu walioko huko hutazama kipimajoto asubuhi na kutuambia baridi ilikuwa kiasi gani. Bwana Mbithi ndiye aliyeziweka nambari hizo mbili kando kwa kando na kuuliza ni ipi ya kuaminiwa.

Alizaliwa Kilungu, akaajiriwa mwaka wa 1975 akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Kwa miaka mingi alinakili vipimo kwa mkono, na mwandiko wake ni mzuri kiasi kwamba madaftari ya zamani yanasomeka kuliko ya juzi. Modeli ya kompyuta ilipoletwa mwaka wa 1996, ni yeye aliyepewa kazi ya kuikagua.

Wafanyakazi wenzake wanamjua kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba hakubali kuwa Nairobi kuna baridi. Mwezi wa Julai, watu wakiingia kutoka Adams Arcade wamejifunika mitandio hadi masikioni, yeye huwaambia, "Hiyo si baridi, hiyo ni upepo tu. Vueni makoti mfanye kazi." La pili ni friji ya ofisi. Maziwa yalipokuwa yakiharibika kila wiki na kila mtu akimlaumu mwenzake, Bwana Mbithi aliweka kipimajoto ndani kwa siku tatu, kisha akabandika karatasi mlangoni: friji inasema nne, ukweli ni kumi na moja. Bi. Syokimau, mkuu wa kitengo, alinunua friji nyingine wiki hiyohiyo.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilitoka hapo ikaenda moja kwa moja hadi kwenye tuzo aliyopewa mwaka wa 2006. Bwana Mbithi aliisoma akiwa amesimama, akachora duara kwa penseli nyekundu mahali palipokuwa wazi kati ya aya mbili, akamrudishia karani wa muda aliyeiandika. "Ndanu, umeruka mwaka," alisema. "Andika 2003. Usipoandika, usiweke jina langu juu." Kwa hiyo yanayofuata yameandikwa kwa ombi lake, naye ameyasoma.

Kitengo kilikuwa na kanuni ambayo Bwana Mbithi mwenyewe aliitunga. Kipimo cha msomaji kikitofautiana na modeli kwa zaidi ya nyuzi tano, kilizungushiwa duara jekundu na kuwekwa kando mpaka msomaji athibitishe kwa fomu iliyotiwa sahihi, kwa njia ya posta. Fomu ilichukua wiki moja. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzuia makosa ya wasomaji.

Jumanne, tarehe 15 Julai 2003, Bi. Waceke, msomaji wetu katika bonde moja la Kinangop, alipiga simu kutoka dukani na kusema nyuzi nne chini ya sifuri. Modeli ilisema tatu juu ya sifuri. Bwana Mbithi akachora duara. Jumatano Bi. Waceke akapiga tena: tano chini ya sifuri. Bwana Mbithi alimuuliza kama kipimajoto hakijavunjika. Alijibu, "Hakijavunjika. Nyasi imekuwa nyeupe, kuja uone." Duara la pili likachorwa, na ilani yetu ya jalidi, yaani tahadhari kwamba usiku utagandisha, haikutolewa.

Karibu na kituo hicho kulikuwa na shamba kubwa la viazi. Wenye shamba walikuwa na utaratibu wao: ilani yetu ikitangazwa, walinzi huondolewa shambani na kulala ndani ya stoo. Isipotangazwa, hubaki nje. Alhamisi asubuhi mlinzi mmoja, Shem Mwaura, alipatikana amefariki kwenye kibanda cha mabua, nguo zake zikiwa zimelowa mvua ya jioni na kuganda. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Alikuwa ndugu mdogo wa Bi. Waceke.

Bwana Mbithi alikwenda mazishini. Bi. Waceke alimwambia mbele ya watu, "Mimi nilisoma vile ilikuwa. Ni wewe ulikataa."

Aliporudi aliifuta kanuni yake. Tangu siku hiyo, kipimo kikitofautiana na modeli, ilani hutolewa kwanza na maswali huulizwa baadaye. Kisha kwa miaka mitatu alipanda Kinangop kila mwezi, akiweka vipimajoto juu ya nyasi, kileleni na bondeni. Aligundua kwamba modeli huona mraba mmoja mkubwa wa ardhi wenye kimo kimoja. Haijui kuwa ndani yake mna bonde, na kwamba usiku hewa baridi huteremka na kutuama humo kama maji kwenye beseni. Kati ya asubuhi sitini na moja za jalidi alizozipima, modeli ilikuwa imetabiri tisa tu. Marekebisho aliyoyaandika ndiyo tunayotumia hadi sasa, na ndiyo yaliyompa tuzo ya 2006. Hakwenda kuipokea.

Mwezi uliopita madaftari yalikuwa yakiingizwa kwenye kompyuta, na maagizo yalikuwa kwamba vipimo vyenye duara jekundu viachwe wazi. Bwana Mbithi aliomba viwili viingizwe jinsi vilivyosomwa. Bi. Syokimau alikubali. Sasa mtu yeyote akifungua Julai 2003 atakuta nne chini ya sifuri, tano chini ya sifuri, na jina la Waceke.

Bi. Waceke amealikwa kwenye sherehe hii ya kumuaga Bwana Mbithi, na kiti chake kimewekwa mbele. Kufikia siku ya kuchapisha hakuwa amejibu mwaliko. Lakini hajawahi kuacha kusoma, na kila siku saa tatu asubuhi ujumbe wake huingia kwenye simu ya ofisi, nambari peke yake bila neno lingine. Kuanzia Jumatatu utapokelewa na mtu mwingine, naye ameshaambiwa na Bwana Mbithi mara nyingi asibishane nao.

Bwana Mbithi, asante kwa kazi yako yote, na kwa kutufanya tuiandike yote. Nenda salama Kilungu. Tunakuombea nyumba yenye joto, na usingizi.