Spika za Muziki na Miwani ya Karani

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, fundi cherehani alikuwa amembana karani wa forodha. "Hospitali imekubali kumpasua binti yangu bure, apandikiziwe kifaa cha kusikia. Ushuru wenu ndio umetushinda."

"Dada, kwenye orodha kiko fungu moja na spika za muziki. Ni anasa."

"Anasa! Mtoto apasuliwe kichwa ili acheze disko?" Nilimkumbatia mwanangu aliyelala mapajani, nikameza kicheko. Karani alisema yeye anafuata orodha tu. Fundi akamgeukia miwani: "Na hiyo miwani, kaka, iko fungu la mapambo? Ivue basi, tukuone ukishuka."

Basi lilisimama. Mtu wa orodha aliisukuma miwani yake ikakaa sawasawa puani, ndipo akazitafuta ngazi.