Mzee Danieli na Tangi la Mzee Ashiru

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Kitangari, Bwana Mtendaji, Sheikh wetu, Katekista wetu, Mheshimiwa Rais wa Misheni uliyetoka Nairobi, Baba Danieli na Mama Danieli mliotoka Amerika, mkalala Masasi, mkala vumbi tangu Nanganga mpaka mlangoni kwangu, Ndugu wageni waalikwa, majirani, watani, na nyie wengine mlioletwa hapa na harufu ya pilau: salaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wote mnaostahili.

Mheshimiwa Diwani, uniwie radhi kama nimekosea mpangilio. Nimezoea kwamba Rais ni mmoja na yupo Dar es Salaam. Leo Rais mwingine ameketi kwenye kiti changu cha kulia chakula. Kumtanguliza niliona kosa, kumweka nyuma nikaona kosa zaidi, nikamweka katikati kama mgonjwa kwenye gari.

Mimi ni Esha binti Ashiru, Mama Lukmani, mwenye nyumba walimopanga hawa vijana wawili, Danieli wa Amerika na mwenzake Dunstan wa Kenya. Dunstan ndiye anayewatafsiria wazazi hawa. Dunstan, mwanangu, tafsiri kila neno, usipunguze ukali wala usiongeze sukari.

Nimepewa nafasi niseme maneno mawili ya kumuaga Danieli, ambaye kesho anarudi kwao. Jana jioni alinifuata jikoni, akakaa juu ya kinu, akaniambia, "Mama, kesho naomba usiseme habari za ubatizo mbele ya baba." Kwa nini asitake? Kwa sababu baba yake huyu, alipokuwa kijana, naye alitumwa kuhubiri hivi hivi, akapelekwa Brazili, na huko alibatiza watu wa kujaza lori na tela lake. Danieli amekaa kwetu muda wake wote na hajabatiza hata mtu mmoja. Wazazi wanajua tu kwamba kazi inaendelea vizuri, maana ndivyo alivyokuwa akiwaandikia kila Jumatatu. Nikamwambia, "Sawa mwanangu, sitasema."

Sasa nasema.

Ndugu zangu, mnakumbuka walivyofika? Ulikuwa ule msimu mambo yalipofunguliwa. Vyama vilikuwa vimekuwa vingi, soda zimekuwa nyingi, na wanunuzi wa korosho wakaruhusiwa kuja kila mtu na mizani yake. Basi siku hiyo wakaonekana vijana wawili juu ya baiskeli, mashati meupe, tai, mabegi mgongoni. Nani asingedhani ni wanunuzi? Gasper, pale ulipokaa, si wewe uliyewakimbilia barabarani, ukawaingiza ndani, ukafungua magunia yako ya korosho ukawaonyesha? Nao wakafungua begi, wakakuonyesha kitabu. Mkakaa hivyo mpaka chakula cha mchana, kila mmoja akingoja mwenzake ataje bei.

Halafu yakaja mambo ya jina. Kifuani wana kibao, na kibao kimeandikwa Mzee, maana ndivyo kanisa lao linavyowaita vijana linaowatuma kuhubiri. Mzee! Kijana wa miaka ishirini, hana mke, hana shamba, hana hata ndevu za kumdanganyia kinyozi. Kwa jinsi watu wa huku tulivyo na adabu, watoto wakaanza kumwamkia. Wakafuata na wakubwa. Nilimkuta Mama Dominika, mtu mwenye wajukuu, amepiga goti: "Shikamoo, Mzee." Na yeye amesimama anatabasamu, hajui hata aitikie nini. Siku aliyokuja kupanga kwangu nilimwambia, "Huko nje wewe ni Mzee. Ukivuka kizingiti hiki wewe ni mtoto, na asubuhi utaniamkia." Mama Danieli, nakuhakikishia, kila asubuhi ameniamkia. Hata siku zile tumbo lilipomkamata aliamkia kutokea chooni.

Mheshimiwa Rais, umewawekea hawa watoto sheria ambazo hata jeshini sikuzisikia. Saa kumi na mbili na nusu wameshaamka. Wanasali, wanasoma, wanapigana na pasi ya mkaa ili shati liwe jeupe, kisha wanatoka kwenda kulichafua kwenye mchanga wetu, ambao baiskeli ikiingia haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mmoja haruhusiwi kwenda mahali bila mwenzake, hata akiwa na ugomvi naye. Nimewaona wamenuniana siku nzima, na bado wanatembea pamoja kama ng'ombe wa plau. Chai hawanywi, kahawa hawanywi. Nikawauliza, sasa asubuhi mnaamka na nini? Wakaniambia, na Roho. Nikawapikia uji.

Na hodi! Wamepiga hodi mpaka mbwa wa Kitangari wakachoka kuwabwekea. Danieli aliniambia kwamba kwao mtu akipiga hodi hivyo anafungiwa mlango usoni. Hapa nani alimfungia? Kila nyumba alikaribishwa, akapewa kiti, akapewa muhogo, akasikilizwa mpaka mwisho, na kila alichouliza akajibiwa ndiyo. Akarudi jioni amefurahi, anasema, "Mama, kijiji kizima kimekubali!" Sikuwa na moyo wa kumwambia. Jumapili akafungua kanisa lake pale kwenye ghala la zamani, wakaja yeye, Dunstan, Nikolao, na kuku wangu mmoja ambaye alikuwa anatafuta pa kutagia.

Nikolao, nakuona. Usijifiche nyuma ya Gasper, ndiyo sasa tunakufikia.

Nikolao mnamjua. Ni mtu mwema, tatizo lake ni uraka, hii pombe yetu ya mabibo ya mkorosho. Mwezi wa nane alisimama mbele ya watu akasema anaacha pombe, anabatizwa. Tulipiga makofi, lakini jamani, mwezi wa nane mabibo hayajaiva! Mwezi wa nane kila mtu ni mtakatifu.

Danieli hakulala kwa furaha. Huyo ndiye angekuwa mtu wake wa kwanza, na pengine wa mwisho, maana muda wake wa kuondoka ulikuwa unakaribia. Ila dini yao haitaki kunyunyiza. Inataka mtu azamishwe mzima, asionekane hata unywele. Sasa nawauliza wenyeji wa hapa, mtu mzima unamzamisha wapi katika Newala hii, mwezi wa tisa? Mashine ya maji imekufa, mabomba yanapiga mluzi tu, na maji yako chini bondeni ambako ukiteremka na ndoo unarudi na goti la mtu mwingine. Jirani yangu Kibibi alipopata habari alishika kiuno pale kisimani akasema, "Mtu mmoja atumbukizwe kwenye maji ya kunywa ya mwezi? Ana uchafu gani huyo Nikolao?"

Aliyewaazima tangi ni marehemu baba yangu, Mzee Ashiru. Lile tangi la saruji nyuma ya nyumba alilijenga mwenyewe kuvunia mvua, na wakati huo lilikuwa limekauka, mijusi wanafanya harusi ndani. Sheikh, wewe ulimwuliza, Mzee Ashiru, vipi unatoa tangi kwa mambo ya Kikristo? Akakujibu, "Tangi tupu lina dini gani? Na wakimaliza, mbuzi wangu watakunywa."

Yeye na Danieli walikuwa babu na mjukuu, na matani yao hayakuwa na adabu hata kidogo. Alimwita "mzee mwenzangu". "Mzee mwenzangu, njoo tuzungumze habari za magoti." "Mzee mwenzangu, wewe jando ulichezea wapi?" Hapo Danieli anakuwa mwekundu kama bibo. Siku moja babu akamkaribisha maji ya mabibo, yamekamuliwa asubuhi hiyo hiyo, matamu, hayana kosa. Danieli akanywa. Akaendelea kukaa, jua likapanda, akanywa tena, na mnajua wenyewe maji ya mabibo yakipigwa na jua yanavyobadilika tabia. Alasiri Mzee Danieli alipanda baiskeli akaingia nayo kwenye muhogo wa Mama Dominika, na alipotolewa alikuwa anaimba. Mheshimiwa Rais, hilo hukuandikiwa? Basi umelijua leo, na kosa ni la jua.

Turudi kwenye maji. Vijana hawa walilijaza lile tangi wenyewe. Kila alfajiri, kabla ya kusoma kwao, waliteremka bondeni na madumu, wakapanda wakisukuma baiskeli, siku nyingine wamebeba kichwani kama sisi, na wasichana wanawacheka njia nzima. Mwezi mzima. Danieli akawa anakwenda jioni kuchungulia tangi jinsi mtu anavyochungulia mtoto aliyelala. Lilipojaa ikapangwa kwamba Nikolao atabatizwa Jumapili.

Jumamosi alfajiri baba yangu akafariki.

Mlikuja, nanyi mnakumbuka hali ilivyokuwa. Sikuwa na maji ya kumwosha baba yangu. Nilikuwa na nusu dumu ya kunywa. Mwanangu Lukmani yuko Dar, barabara mnaijua, alifika tumeshazika. Wanaume wa msikiti wamekuja kuosha, wanawake wamekuja kupika, watu wanaingia uani kwa makundi, na mimi nimekaa nawaza nimtume nani bondeni, na atarudi saa ngapi. Kuhusu tangi sikusema kitu. Yale hayakuwa maji yangu. Ningeanzaje kumwomba mtoto wa watu jambo hilo, wakati najua alivyoyahangaikia?

Nikasikia mfuniko wa tangi unasukumwa. Nikamsikia Dunstan anauliza, "Na Nikolao kesho?" Na Danieli akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Nikolao yuko hai. Atasubiri."

Akachota. Akasimama nje ya chumba cha kuoshea, akawa anapitisha ndoo mlangoni, moja baada ya nyingine, shati lake jeupe limelowa lote, na analia kwa sauti kama mtoto aliyefiwa na babu yake, na ndivyo alivyokuwa. Baba yangu alioshwa kwa maji mengi. Watu walikula, walitawadha, walikunywa. Jioni tangi lilikuwa limerudi kwa mijusi.

Na Nikolao? Nikolao alisubiri siku nne. Siku ya tano mabibo yakaiva.

Hamna haja ya kumcheka, mwenyewe ameshajicheka vya kutosha.

Baba Danieli, nakutazama wewe sasa. Mimi sisomi kitabu chenu, na leo sibadili dini, Sheikh usinikazie macho. Wala baba yangu msije mkamwandika kwenye madaftari yenu ya kubatizia waliokufa. Amekufa Mwislamu na tumemzika Mwislamu. Ila jana mwanao aliniambia kwenye kinu kwamba anaona haya kukutazama usoni. Anasema anarudi mikono mitupu. Niliumia, nikakasirika, ndiyo maana nimevunja ahadi. Mtoto aliyenipa maji ya kumwosha baba yangu anarudije mikono mitupu? Wewe ulibatiza lori zima Brazili, hongera sana. Je, kuna mama hata mmoja huko anayesimama leo kukusema namna hii?

Dunstan, acha kutazama viatu. Tafsiri. Hata hilo la lori.

Sasa namalizia, pilau inapoa. Wiki hii kila mwanamke wa mtaa huu aliyekwenda bondeni amepitia kwangu, akamimina dumu moja kwenye tangi la Mzee Ashiru. Hakutumwa mtu. Wa kwanza alikuwa Kibibi, yule yule, na alimimina huku ananung'unika. Asubuhi hii nimechungulia, limejaa mpaka mdomoni, na mvua haijaanza.

Danieli, usishtuke, na usimtafute Nikolao kwa macho. Hakuna wa kubatizwa. Tangu umefika kwetu umekuwa ukioga kwa kopo moja na kujifuta vumbi lililobaki. Hayo maji ni yako. Leo kabla ya kulala utaingia mzima mzima, uzame, usionekane hata unywele, uoge mpaka uchoke. Baba yako atakushikia taulo. Mbuzi watakunywa kesho.

Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa Rais, wazazi wa Danieli, ndugu wote, nimesema mengi kuliko niliyopewa, na mmenivumilia na jua hili. Asanteni sana kwa masikio yenu.

Limebaki neno moja. Nilisema ukivuka kizingiti changu wewe ni mtoto. Naligeuza, kwa leo tu. Siku ukirudi utaniamkia wewe, na mkeo nyuma yako. Baba yangu alikuita mzee mwenzake kwa mzaha, na nadhani siku zilivyokwenda alisahau kwamba ni mzaha. Basi simama. Simama vizuri, baba yako akuone.

Mzee Danieli, shikamoo.

Itikia, mwanangu. Watu wanasubiri.