Saa Nyekundu ya Mzee Makokha

Basi la kutoka Kitale lilipofika Kamukuywa, saa ya kupima wasiwasi aliyonunuliwa na bintiye Fridah iligeuka nyekundu, na Mzee Makokha akaifunika haraka kwa mkono wa koti. Alikuwa amemwahidi Fridah kwamba ikigeuka rangi hiyo atashuka na kurudi nyumbani, mtihani wa kidato cha nne usubiri mwaka mwingine. Umri wake ni miaka sabini na mmoja.

"Nimeiona, mzee," akasema Jerono, mkulima wa Endebess aliyeketi kando yake.

"Inadanganya, mama. Nilisimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Leo niogope karatasi ya hesabu?"

"Si siku hiyo hukuwa na saa. Msichana wangu ni mkimbiaji, na yake huwa nyekundu kila asubuhi ya mbio. Ati inapima nafasi kati ya pigo moja la moyo na lingine. Moyo ukitulia, nafasi hizo hazilingani."

"Wangu hupiga sawasawa kama askari wa gwaride."

"Basi ndiyo maana ni nyekundu."

Makokha akaichungulia saa chini ya mkono wa koti. "Na huyo msichana, akiiona nyekundu, hurudi nyumbani? Mimi nilimwahidi binti yangu nitarudi."

"Hurudi jioni, akishakimbia. Lakini wewe mpigie binti yako simu."

"Nikimaliza karatasi."

"Sasa hivi, mzee."

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama Bungoma. Makokha akakunja mkono wa koti hadi kwenye kiwiko, akashuka na kalamu zake mbili, saa ikiwa nje, nyekundu, kila mtu aione.