Mzee Muchiri na Gari Linalojizima

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuendesha magari ya maabara yetu, Bwana Harun Muchiri, ambaye hapa hakuna anayemwita kitu kingine ila Mzee, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2008. Meneja wetu wa utawala, Bi Debra Waringa, ameniomba ukurasa mmoja wa jarida, uwe wa kuchangamsha, na uwe mezani kwake kabla ya saa sita. Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Sina utulivu leo, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Mzee aliajiriwa mwaka 1981, maabara ikiwa na vyumba vitatu hapa Hurlingham na gari moja. Kazi ilikuwa ile ile ya leo: kuzunguka kliniki za River Road, Westlands, Kangemi na Kawangware, kuchukua damu na mkojo wa wagonjwa katika masanduku ya barafu, na kuvifikisha kabla havijaharibika. Ilimfaa sana, kwa sababu Mzee hajui kukaa. Chai huinywa akilizunguka gari na kuyapiga mateke magurudumu. Foleni ikisimama, yeye hushuka na kuyakodolea macho magari yaliyo mbele, utadhani yatamwonea haya yasogee.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuokoa petroli. Walionitangulia husimulia jinsi petroli ilivyowahi kuadimika mjini, naye akatoka Limuru na sampuli huku tangi likiwa karibu tupu, akiliweka gari free, yaani akitoa gia na kuliacha lijiteremkie, kila penye mteremko, hadi akaingia langoni mwetu. Krismasi ile alipewa blanketi na makofi mengi. Tangu hapo kuweka free kukawa dini yake. Kila dereva aliyeajiriwa alibatizwa: ukifika mteremko wa Valley Road, toa gia, ukisimama kwenye foleni, toa gia. Were alifunzwa hivyo, Mbithi akafunzwa hivyo, na mimi Lornah Nasimiyu, niliyekuja mwisho kabisa, nikafunzwa hadi mkono wangu wa kushoto ukawa unatoa gia wenyewe bila kuniuliza.

Mwaka huu petroli ilipanda bei vibaya, na mwezi wa Juni tukaitwa ofisini. Magari yetu manne yalikuwa yamechoka. Wakurugenzi walikuwa na mawazo mawili. La kwanza, kuyauza yote na kukodisha teksi, na sisi madereva wanne twende nyumbani. La pili, kununua magari madogo matatu ya bei nafuu yaliyotumika Japani, yenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Moja la aina hiyo lingejaribiwa kwa mwezi mmoja. Likiokoa petroli, madereva watatu wangebaki. Hata hapo nilijua langu, kwa kuwa aliyeingia mwisho ndiye hutoka kwanza.

Gari likaja, dogo na jeupe, na siku ya kwanza Mzee akalichukua mwenyewe. Alipofika Westlands foleni ikasimama, na injini ikazima. Hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri kwamba gari hili hujizima likisimama na kuondoka kwa umeme. Mzee akaliweka kwenye gia ya kuegesha, akashuka, akafungua boneti na kuinama. Injini ikajiwasha yenyewe, pua ya Mzee ikiwa juu yake. Were, aliyekuwa kiti cha abiria, anaapa kwamba Mzee aliruka hadi kwenye maua ya katikati ya barabara. Mzee anasema alipiga hatua moja tu nyuma. Wauza magazeti wa pale humwita Fundi mpaka leo.

Kicheko kiliisha haraka. Wiki mbili zilipita, na gari hilo dogo likawa linakunywa petroli karibu sawa na mikweche yetu. Likipanda Valley Road lilihema, betri yake iko chini kabisa. Bi Debra akatuambia kwamba wakurugenzi wameanza kuzungumza na watu wa teksi. Basi Mzee akakosa raha kabisa. Akawa anapanda na kila dereva, kila mzunguko, amekaa ukingoni mwa kiti akituhimiza tuokoe zaidi: "Weka free! Weka free mapema!" Nasi tukaweka.

Halafu siku moja nilikuwa nateremka Valley Road naye, akili yangu yote ikiwa kwenye karo ya watoto na kazi nitakayoanza kutafuta, nikasahau. Gari likashuka likiwa kwenye gia, mguu wangu ukigusa breki kidogo kidogo. Mzee akafungua mdomo anigombeze, kisha akasogeza uso mbele na kukodoa macho. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi, mishale ilikuwa inatoka kwenye magurudumu na kuingia kwenye betri.

"Hii kitu sijawahi kuiona hapa," akasema. "Rudi juu. Shuka tena, lakini sasa weka free."

Nikaweka free, na mishale ikapotea. Akanirudisha tena, na tena, mpaka askari wa trafiki pale chini akaanza kututazama vibaya. Ndipo tukaelewa. Gari hili hukusanya umeme wake kwenye mteremko na kwenye breki, na sisi kwa kuweka free tulikuwa tunalishindisha na njaa, kisha tunalilaumu kwa kuhema.

Alasiri hiyo hiyo alituita uani sote watatu. Nimeona wakubwa wakiukwepa ukweli mwaka mzima. Mzee hakuukwepa hata kidogo. "Ile kitu niliwafunza, wacheni," alisema. "Ilikuwa ya gari zile zingine. Kwa hii, ni mimi nimewaharibia."

Were akamwuliza, "Na wewe Mzee, utaweza kuwacha kweli?"

Alisema atajaribu. Hakuweza. Mazoea ya mkono wake yalikuwa ya miaka mingi mno, na ilibidi awe anaushikisha mandazi ili uwe na shughuli nyingine. Alinenepa kidogo mwezi huo.

Wakurugenzi wakatuongezea wiki chache. Betri ikashiba, injini ikapumzika kwenye foleni, na petroli tuliyotumia ikapungua karibu nusu. Habari za teksi zikafa. Magari matatu yakaagizwa, tukapiga makofi na kukumbatiana, nami nikaenda kuanza kukunja sare zangu.

Bi Debra ndiye aliyeniambia. Mzee, aliyekuwa amebakisha miaka miwili kazini, alikwenda ofisini kwake bila kuitwa, akasema wa kuondoka ni yeye. Sababu aliyotoa ni kwamba amechoka. Amechoka! Mtu anayepanda ngazi za River Road mbili mbili na sanduku la barafu begani! Nilimfuata langoni nikiwa nimekasirika, maana sikujua la kufanya zaidi ya kukasirika. Nikamwambia arudi akayafute maneno yake.

"Nasimiyu, hiyo gari imekuzoea," akanijibu. "Mimi naiendesha na mandazi."

Kisha akanionya nisithubutu kulitaja jambo hilo kwenye sherehe, kwa sababu watu wataanza kulia na chakula kitapoa.

Anarudi Kikuyu kwa mkewe, Mama Wanjira, mwenye kuku na shamba la sukuma wiki, ambaye tayari amepiga simu kuuliza kama hatuwezi kumshikilia hadi Januari. Mama, pole sana. Utamzoea.

Mzee, kwa niaba ya maabara nzima, na ya wagonjwa wasiolijua jina lako lakini walipata majibu yao siku ile ile, tunakushukuru kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya njema, amani nyumbani, na siku nyingi za heri.

Na kuhusu lile ulilonikataza, hapa si kwenye sherehe, ni kwenye jarida. Jumatatu nitaketi kwenye gari ambalo lingekuwa lako. Wanangu wawili wataamka, watavaa sare na kwenda shule kama kawaida, bila kujua kwamba kuna lolote lililokaribia kutupata. Asante kwa kazi yangu, Mzee Muchiri.