Fidia ya Mkono na Kadi ya Fungu la Kumi

Bwana asifiwe, kanisa! Mmeitikia kama watu waliotoka nyumbani bila chai. Najua jua limekuwa kali na mahubiri yalikuwa marefu, Mchungaji unisamehe, lakini aliyenitoa mimi mbali anastahili sauti kubwa kuliko hiyo. Bwana asifiwe tena! Haya, hapo sawa. Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za Jumapili.

Kwa walio wageni, naitwa Mabula, fundi seremala wa hapa Igoma, kibanda changu ni kile chenye makochi nje, ng'ambo ya barabara. Niliokoka miaka kumi na moja iliyopita katika kanisa hili hili. Niliokoka moyo, ndugu zangu, nikaokoka na mdomo, pombe nikaiacha na matusi nikayaacha. Lakini mfuko wa suruali ulibaki duniani.

Kila mwezi nilikuja hapa na bahasha ya fungu la kumi, nikaishika juu kidogo ili waliokaa jirani waione. Ndani mlikuwa na shilingi elfu nne. Mama Kulwa, mhazini wetu, ambaye wengi wenu aliwafundisha hesabu shule ya msingi kabla hajastaafu, alikuwa anaipokea, anaandika elfu nne kwenye kadi yangu, anapiga mhuri, ananiambia Mungu akubariki. Miaka mitano mfululizo. Biashara ikilala, elfu nne. Watu wakiuza mpunga, makochi yakaondoka kwa foleni, elfu nne. Mkono wa birika, ndugu zangu, na bado nilikuwa naimba kwa sauti kuliko kwaya.

Na si kwamba sikujua ninachopata. Mimi sina daftari. Oda zangu zote naziandika kwa penseli ukutani mwa kibanda: jina la mteja, ukubwa wa kitanda, ametanguliza ngapi, amebakiza ngapi, mwezi gani. Ukuta ule ulikuwa na mwaka mzima juu yake, nikiusoma najua kabisa. Nilikuwa napata kama laki sita kwa mwezi. Kwa Mungu nilikuwa napata elfu arobaini.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana, mchana kweupe, nimesimama pembeni ya barabara napokea mbao, pikapu ya duka moja la vifaa vya ujenzi ikarudi nyuma dereva akiwa hajaangalia kioo. Ikanibana mkono huu wa kulia kwenye rundo la mbao. Nilisikia mifupa ikilia kabla sijasikia maumivu. Polisi wakanipa PF3, ile fomu ya kutibiwa, hospitali wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, mpaka kwenye kiwiko, nikakaa miezi mitano bila kupiga hata msumari mmoja. Mke wangu, Mama Debora, ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. Siku moja nikajaribu kupiga randa kwa mkono wa kushoto, meza ya mteja ikaonekana kama imetafunwa na panya. Nikaketi kwenye kochi la watu ambalo halijavikwa kitambaa, nikalia. Seremala asiye na mkono wa kulia ni nani? Niliogopa, ndugu zangu, wala sitawaficha.

Dereva hakukataa kosa, na gari lilikuwa na bima. Nikaambiwa nipeleke madai nilipwe fidia, na mimi nikaona mlango. Nikipata fidia nitanunua mashine ya randa ya umeme, ambayo hata mkono mbovu unaweza kuisukuma, nirudi kazini. Hilo tu ndilo nililoomba kwa Mungu.

Hapo ndipo shetani alipopanda gari Kiseke akashuka Igoma. Samahani, si shetani, ni shemeji yangu Mayunga, kaka wa mke wangu. Shemeji huyu hajawahi kuumia wala kudai, lakini mambo ya fidia anayajua yote. Akaniambia mkono wa fundi ni milioni hamsini. Akaniambia kwenye fomu niandike napata milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Kwa ushauri huo akataka moja ya tano ya nitakachopata, na mimi nikamkubalia palepale, tena nikamshukuru. Kisha akautazama ukuta wangu akasema huu utatuumbua, kwa sababu fomu inasema milioni na ukuta unasema laki sita. Akaleta ndoo ya chokaa. Mpaka jioni alikuwa ameshapaka nusu ya mwaka.

Tukaenda na kwa daktari anayepima ulemavu. Mayunga alinifundisha niuache mkono uning'inie. Daktari akakunja kidole kimoja kimoja, akaandika kwamba viwili havitakunjika tena sawasawa, ulemavu wa kudumu asilimia kumi na tano. Nikamwomba kwa heshima aongeze zifike ishirini, tusiachane vibaya. Nilipatana naye kama mtu anayepatana bei ya samaki sato kwenye soko la mwaloni. Akavua miwani akasema, "Asilimia tano zinapatikana, mzee. Lete mkono nikuvunje kidole kingine." Nikachukua kumi na tano zangu nikatoka.

Ofisini kwa bima, mjini, nilimkuta dada mmoja mdogo, rika la binti yangu. Akaniamkia vizuri, akanipa kiti, akanieleza jinsi wanavyohesabu. Ndugu zangu, kumbe fidia haihesabiwi kwa ukubwa wa kilio! Mimi nilikuwa nimejiandaa kulia, nimekuja na leso mbili. Kwanza wanataka risiti za dawa, za eksirei na za nauli ya hospitali, na pasipo risiti ni pole yako. Halafu wanachukua unachopata kwa mwezi, wanazidisha kwa miezi uliyokaa bila kazi. Halafu wanatazama ile asilimia ya daktari, pamoja na umri wako na kazi yako, maana kidole cha seremala na kidole cha mtu anayeishi kwa kuongea havihesabiwi sawa. Hata maumivu yenyewe wanayapima kwa kuangalia walioumia kama wewe walilipwa ngapi. Milioni hamsini za Mayunga hazikuonekana popote kwenye karatasi ile.

Akaniuliza nina uthibitisho gani wa hiyo milioni moja na laki mbili. Akaunti ya benki sina. Ukuta ndio huo umeshaanza kupakwa chokaa. Akasema hata karatasi ya taasisi inayotambulika, yenye mhuri, inaweza kusaidia. Nikakumbuka kwamba ndani ya Biblia yangu kuna kadi yenye mihuri sitini! Nikaichomoa kwa kujivuna nikaiweka mezani, ajue anaongea na mtu wa Mungu. Nilikuwa naiangalia mihuri, ndugu zangu. Tarakimu nilizisahau kabisa.

Dada yule akaisoma kadi kuanzia juu mpaka chini. Akachukua kikokotoo, elfu nne mara kumi, elfu arobaini, mara miezi mitano. Akakigeuza nikisome. Laki mbili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili watu wa meza nyingine wasisikie, "Baba, na mimi natoa fungu la kumi. Hapa kuna mmoja umemdanganya, ama sisi ama Mungu. Kama ni sisi, faili hili litafungwa na hutapata hata senti. Kama ni Mungu, hayo mkayamalize wenyewe."

Akanipa mpaka Ijumaa nilete uthibitisho. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mayunga hakukata tamaa, yeye huwa hakati. Akasema dawa yake ni ndogo, Mama Kulwa aandike kadi mpya yenye tarakimu nzuri, mhuri si ni uleule. Nami nikaenda, Mungu anirehemu, nikanunua sato wawili wanono nikaenda nao nyumbani kwa Mama Kulwa. Akanikaribisha, akapokea samaki, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza napata ngapi hasa. Nikasema laki sita. Akachukua kalamu. Fungu la kumi ni elfu sitini, nilikuwa natoa elfu nne, napunja elfu hamsini na sita kila mwezi, kwa miaka mitano ni milioni tatu, laki tatu na elfu sitini. Akasema kadi mpya anazo na mhuri anao, nilete tu hizo pesa zilizopungua, ataandika ukweli wote saa hiyohiyo.

Nikapiga hesabu kichwani. Mapato niliyokosa kwa miezi mitano ni milioni tatu. Maana yake kadi ile mpya ingemeza mapato yangu yote ya miezi mitano, nikabaki nadaiwa laki tatu na elfu sitini! Nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka. Akaniambia alijua siku zote. Mwezi alionunua kitanda kwangu alinilipa laki tatu mkononi, na Jumapili iliyofuata akapokea bahasha yangu ya elfu nne, akapiga mhuri, akaenda nyumbani akaniombea, kama alivyofanya kila mwezi. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Na Mayunga ulimwahidi ngapi?"

Nikajibu, "Moja ya tano, mama."

Akainuka kwenda kuwapara wale samaki. Na mimi nikabaki kwenye kiti nikiwa nimejisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Aliyeniumbia mkono nilimpunja miaka mitano. Aliyenishauri niseme uongo nilimwahidi mara mbili ya anachotaka Mungu, tena bila kunung'unika. Ndugu zangu, nilivunjika pale kuliko nilivyovunjwa na ile pikapu. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya Mama Kulwa nikatubu, harufu ya samaki na yote.

Ijumaa nikarudi mjini peke yangu. Nilijua madai ya uongo yanafutwa yote, na mashine yangu ya randa inakwenda nayo. Nikamwambia yule dada kwamba niliwadanganya wote wawili, wao na Mungu. Nikamwambia habari ya ukuta, na ya chokaa pia. Mimi nikawa nahesabu vigae vya sakafu. Akainuka akaenda kwa mkubwa wake. Aliporudi alikuwa na fomu mpya, tupu. Faili lilikuwa bado halijapelekwa mbele! Akasema nijaze upya, na ukuta watakuja kuuona wenyewe.

Wakaja. Dada yule alisimama kibandani kwangu akausoma ukuta kama anasoma Zaburi, akapiga picha, akapigia wateja simu. Wengine mpo humu, asanteni kwa kusema kweli. Mchungaji, na wewe ulikuwemo ukutani, sitataja umebakiza ngapi. Miezi iliyopakwa chokaa hakuihesabu, na humo mlikuwa na ile miezi yangu minono ya makochi. Kisha akaniambia mauzo si mapato, akatoa mbao, misumari, sponji, vanishi na kodi ya kibanda. Laki sita yangu ikakonda mpaka laki nne. Kumbe hata mimi mwenyewe nilikuwa najidanganya!

Basi hesabu ikakaa hivi. Risiti, laki saba na elfu arobaini. Mapato ya miezi mitano, milioni mbili. Ulemavu na maumivu, milioni tatu na nusu. Jumla milioni sita, laki mbili na elfu arobaini, na zimelipwa. Mashine ya randa iko kibandani, inaunguruma. Jumatatu nilimaliza kitanda cha kwanza tangu niumie, nikakikalia nikalia tena, safari hii kwa furaha. Mayunga alininunia wiki mbili, sasa tunasalimiana. Na lile deni la bahasha nimeanza kulilipa kidogo kidogo. Mchungaji alinifariji kwamba Mungu hatozi riba. Mama Kulwa akasema ni kweli, riba hatozi, lakini zilizobaki tunazipokea.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa mkono huu, vidole vitatu vizima na viwili vikaidi. Namshukuru kwa binti yule wa bima, ambaye alinihubiria kwa kikokotoo. Kama kuna mtu humu anaishi na hesabu mbili, moja ya watu na moja ya Mungu, namwomba asiogope. Mimi nilikwenda Ijumaa ile nikiamini kwamba nikisema kweli narudi mikono mitupu. Bwana hakuniacha. Mwaminini, mseme kweli, yeye atawapokea mkiwa na kiasi hicho hicho mlicho nacho.

Tusimame tuombe. Mama Kulwa, naomba uongoze wewe. Miaka mitano ulikuwa unaomba peke yako, leo tutaitikia.